Nimepigwa Dhahabu, Mtoto wa Geita

Ile sarafu niliyouziwa California ilienea yote juu ya ukucha wa kidole changu cha mwisho. Dola 140, na kodi juu yake, maana Marekani kodi haiandikwi kwenye bei. Unaikuta kaunta imekusubiri.

Chanzo ni mzee mmoja wa Sacramento, muuza sarafu za kale. Niliingia dukani kwake kukwepa jua tu. Aliposikia nyumbani kwetu wanachimba dhahabu, alifungua kabati la chuma akanipa sarafu ya dola 50 ya mwaka 1851, ndani ya kasha la plastiki. Si ya duara. Ina pembe nane, nzito karibu gramu 85, na juu imeandikwa 880 THOUS, yaani katika sehemu 1,000 za madini yake, 880 ni dhahabu. Mkono ulishuka kama nimepewa kitasa cha mlango. Bei yake sikuuliza mara ya pili.

Akanieleza. Dhahabu ilipoonekana Coloma, Januari 24, 1848, California nzima haikuwa na kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu. Cha San Francisco kilifunguliwa 1854. Watu walilipia unga na viatu kwa vumbi la dhahabu, bana moja ya vidole ikihesabiwa dola. Mwenye baa akawa anaajiri watu wa vidole vinene. (Hapo nilicheka peke yangu. Kwetu Katoro, Geita, nako mzani wa mnunuzi una siku zake za kuumwa.) Ndipo wafanyabiashara wakaanza kupiga sarafu zao wenyewe: Moffat, Baldwin, Kellogg na wengineo. Baldwin alifumaniwa 1851: dola 20 yake ilikuwa na dhahabu ya kama dola 19 na senti 40. Watu wakazikataa, zikayeyushwa kwa wingi, na chache zilizosalia leo zinauzwa bei ya nyumba. Mwizi kageuka lulu!

Nikatoka pale na homa. Kesho yake nikaenda Coloma, na teksi ya kutoka Placerville ikanikamua dola 40 kwa safari fupi ya kupanda na kushuka vilima. Nilitegemea nini sijui, labda makarasha ya kusagia mawe yakiunguruma na vumbi jekundu. Nikakuta bustani, watoto wa shule, mto wa maji baridi kupita kiasi, na kinu cha mbao ambacho nacho ni cha kuigiza. Kile ambacho James Marshall, mtu wa kwanza kuiona, aliokotea dhahabu kwenye mfereji wake hakipo tena. Mahali palipohamisha dunia pana kimya kuliko makaburini kwetu.

Duka lilikuwa kando ya barabara nikirudi. Vikombe, saa mbovu, na kwenye sinia la mahameli, visarafu vidogo. Mama wa pale, mpole kweli, akasema ni nusu dola za California, walizipiga masonara enzi zile chenji ilipokosekana. Hilo ni kweli, mzee alishaniambia. Yangu ilikuwa na dubu, mwaka 1853, inang'aa. Nikalipa bila hata kuomba punguzo. Mimi, niliyelelewa na watu wanaobishania dagaa!

Usiku motelini, chumba cha dola 119 chenye kiyoyozi kinachokohoa, nikampigia baba mdogo. Kwangu saa tatu usiku, Katoro saa moja asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umenunua dhahabu? Uliipima?"

Nikanyamaza.

"Uliichoma? Hata kuikwangua?"

"Baba, huku dukani hawachomi."

"Basi umenunua duka," akasema.

Nilipompelekea, mzee wa Sacramento alihitaji nusu dakika na kioo chake. Halisi, alisema, huandikwa thamani: DOLLAR, au DOL, au hata D peke yake. Ya kwangu ilikuwa na dubu, shada la majani, na kitu kama ½, lakini dola haipo popote. Karibu zote za dubu ni pambo la watalii. Akairudisha kiganjani mwangu kwa adabu, kama anayerudisha jino la mtu.

Nilirudi dukani? Teksi dola 40 kwenda tu. Nilipiga hesabu nikakaa.

Sasa iko Katoro. Baba mdogo aliikwangua kwa tupa mbele ya wateja wake, njano ikaisha upesi, chini ikatokea shaba. Akaitoboa, akaining'iniza juu ya mzani. Kijana akileta mzigo wa kutilia shaka, anamwonyesha kwa kidole: "Ile imetoka Marekani."