Wenu

Mechi ilichezwa Jumapili, leo Ijumaa, na neno moja bado limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Wiki yenyewe ilijaa: wifi kajifungua mapacha, ofisini wamenihamishia Kigamboni, mwenye nyumba kapandisha kodi. Hayo siku nyingine.

Mnakumbuka nilivyomsumbua baba watoto twende uwanjani Chamazi. Fainali ya CECAFA, ile michuano ya Afrika Mashariki na Kati, ya vijana chini ya miaka 20, Oktoba 20, Tanzania na Kenya, na sisi wa Mbagala hapo ni pua na mdomo. Nikavaa dera la kijani makusudi, maana kijani kimo kwenye bendera zote mbili. Nikajiona mjanja. Nyimbo za taifa zilipopigwa nikaziimba zote, moja baada ya nyingine. Zote za Kiswahili, zote zinamwomba Mungu, ulimi wangu haukupata taabu yoyote.

Kisha Kenya wakafunga. Sikupanga, wallahi. Nilishtukia nimesimama, karanga zimemwagikia mabega ya mzee wa mbele, na kigelegele kimeshanitoka, kile cha kwetu Mombasa cha kumpokea bibi harusi. Jukwaa lote kimya, mimi peke yangu. Kifungua mimba wangu akanivuta dera. Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya. Alininong'oneza kwa adabu, kama mtu anayekwambia zipu yako iko wazi.

"Mama, kaa chini. Waliofunga ni wenu, si wetu."

"Wenu mimi na nani?"

Akafikiri kidogo. "Wewe na babu."

Ana miaka 9. Tangu siku hiyo namjibu nikiosha vyombo, namjibu kwenye foleni ya pantoni. Mara namwambia maziwa aliyonyonya yalivuka mpaka pale Horohoro, mbona hakuyauliza pasipoti. Mara namwambia hiki Kiswahili anachonisemea kimetoka kwa nani. Majibu mazuri kabisa, yote yamechelewa. Wenu! Kama sahani za kuazima kwenye shughuli: hizi zenu, hizi zetu, zisichanganyike.

Kilichoniudhi zaidi, vijana wa Tanzania, Ngorongoro Heroes, waliposhinda 2–1 nilishangilia tena, na kwa moyo mmoja. Akanitazama kama aliyemfuma mtu anakula pilau nyumba mbili siku moja.

Basi Jumatano simu ikaita. Baba. Mnamjua babangu, yeye hapigi, hupigiwa. Nikajiandaa kumpa pole, na kumtuliza kwamba timu zote mbili zimefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la vijana, tena Kenya kwa mara ya kwanza katika umri huo. Hata salamu hatujamaliza:

"Haya, mumetufunga."

"Nani, baba?"

"Nyinyi! Mgeni huja kwako ukamtoa mikono mitupu?"

Nilicheka mpaka upawa ukaniponyoka ndani ya mchuzi. Uwanjani nimetolewa kwenye wetu, na sasa Mombasa nao wananitia kwenye mume-! Wiki nzima nimetafuna neno la mtoto, kumbe baba alikuwa na lake kubwa zaidi, na hilo wala halikuniuma. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye alikuwa anacheka.

Nikampa simu huyo Mtanzania wangu. Wakatambiana robo saa nzima, yule anasema refa, huyu anasema kombe liko wapi, mimi nimekuwa mshika simu tu na mchuzi unashika chini. Mwisho nikamsikia anaulizia viazi karai, kama babu atampikia Desemba.

Ila maji ya tangi yananuka tangu jana. Fundi anasema ni mjusi kafia humo. Nimepanda kiti, nimemulika na tochi ya simu mpaka chini, na mjusi sijamwona.