Tundu Kwenye Karatasi

Jumapili binti yangu alikuwa akipekua kabati kutafuta gundi, akaibuka na karatasi ya muziki iliyokwisha geuka rangi ya chai. Akaiinua dirishani, akapenyeza ncha ya kidole kwenye tundu lililo chini ya mstari wa tatu.

"Baba, nani aliitoboa?"

Nikamwambia ni kifutio. Hakuridhika, na mimi pia sikuridhika.

Ni ile sarabanda, muziki wa dansi ya taratibu, ya Weiss, ya mwaka wangu wa pili wa masomo Dresden, Ujerumani. Silvius Leopold Weiss, mpiga luti na mtunzi, aliajiriwa kwenye kasri ya mji huo mwaka 1718, akafia humo mwaka 1750, mwaka uleule aliofariki Bach. Luti aliyoiandikia, ala ya nyuzi ya jamii ya udi, ilikuja kuwa na safu 13 za nyuzi: mbili za juu zina uzi mmoja mmoja, zilizobaki mbili mbili, jumla nyuzi 24. Gitaa langu lina sita. Majira yote ya baridi nilikaa na tablatura yake, mwandiko unaoonyesha pa kubana uzi, ambamo herufi a ni uzi usiobanwa, b ni uzi uliobanwa kwenye hatua ya kwanza ya shingo, na besi, yaani noti nzito za chini, zimeshushwa chini ya mistari kwa mikwaju na tarakimu. Nilishusha uzi wa sita kutoka E hadi D, nikaiandika upya kwa gitaa, nikadhani nimemaliza.

Nikampelekea mzee aliyekuwa akinifundisha. Sebule yake ilinuka nta na kahawa. Kabla ya kunisikiliza aliichukua luti yake, akapiga sehemu ile ya mwisho. D, C, B flati, A. Kidole gumba kilishuka safu hadi safu, na mkono wa kushoto haukuhusika kabisa na besi zile, kwa kuwa zimepita nje ya shingo na hupigwa wazi. Kila noti iliendelea kulia chini ya iliyofuata, hata ubao wa kiti nilichokalia ukatetemeka. (Mwaka 1722 mpiga fidla mmoja alimng'ata Weiss kidole gumba akitaka kukinyofoa. Siku ile ndipo nilipoelewa alitaka kumnyang'anya nini.) Nilimkumbuka mjomba na udi wake kwenye taarab kule Unguja. Luti imetokana na udi, hata jina ni lilelile, ila mjomba alipiga kwa kipande cha unyoya, na mzee kwa nyama ya kidole.

Zamu yangu ikafika. D ya chini ilitoka vizuri. Baada yake gitaa halina pa kushuka, kwa hiyo C nilikuwa nimeirusha juu kwa oktava moja, hadi C inayofuata juu yake.

Mzee akainua kiganja, akakishusha taratibu kama mtu anayefunika mtoto shuka. Ghafla akakirusha juu ya kichwa chake.

"Alikuwa anakwenda kulala," akasema. "Nani amemwamsha?"

Akanisogezea penseli. Niliandika ngazi nzima oktava moja juu, kuanzia D ya uzi wa nne. Hatua zikaungana, lakini C na B flati zote zinakaa uzi wa tano, kwa hiyo ya pili inaikata ya kwanza, na vidole vilivyotakiwa kuimbisha sauti ya juu vikawa vimefungwa kwenye besi. Nikafuta. Nikarudisha mruko. Nikafuta. Mara ya nne au ya tano karatasi ikaachia.

Mzee akapuliza vumbi la kifutio, akaitazama, akasema kwa Kijerumani chake kifupi, "Iache." Kama alimaanisha karatasi au noti, sikumuuliza. Kwenye onyesho nilipiga mruko. Tangu hapo nimekuwa nikibadilisha kila ninapoigusa ile sarabanda.

Jumapili nilimpigia binti yangu kwa njia zote mbili. Akasikiliza akiwa ameiweka karatasi jichoni, akinichungulia kupitia tundu.

"Na ile ya kwenye luti yenyewe inasikikaje?"

Nikaweka gitaa chini, nikajaribu kumwimbia. D niliipata kwa shida. C ikatoka pumzi tupu. Akalaza sikio kifuani kwangu, akangoja zile mbili zilizobaki.