Ukungu mweupe kwenye chungu cha mrehani: msimwage dawa

Inaniudhi sana kila anayeona ukungu mweupe kwenye udongo wa maua anapoambiwa amwage dawa ya kutolea madoa ya nguo. Muuza miche aliniambia hivyohivyo masika yalipokolea hapa Dar es Salaam, wakati udongo wa mrehani wangu umetanda utando kama pamba. Dawa ile huunguza mizizi. Sikuimwaga.

Jirani akaja na ushauri wake: mdalasini wa unga. Nikakwangua utando wote kwa kijiko, nikanyunyiza mdalasini mpaka udongo haukuonekana, kibaraza kizima kikanukia pilau. Siku za mwanzo ukungu haukuonekana, jirani akafurahi kuliko mimi. Mvua zilipofululiza, utando ukachomoza katikati ya mdalasini uleule! Viungo vya chai vya mwezi mzima vimekwenda hivyo.

Basi nikaukagua mrehani wenyewe. Majani mabichi, machipukizi yanatoka, harufu haijapungua. Ukungu huu hula vilivyokufa: samadi isiyooza vizuri, makumbi ya nazi, majani yaliyodondoka. Mzizi ulio hai hauugusi. Ukiuona, jua udongo wa juu haupati nafasi ya kukauka.

Sasa namwagilia kwa chini. Natia maji kwenye beseni, naweka chungu chenye matundu, kinajinywea, nakitoa kabla juu hakujalowa chepechepe. Na kabla ya kumwagilia nachomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na udongo umekigandia, mrehani haupati maji siku hiyo. Msiamini kupima kwa kidole peke yake. Juu panaweza kuwa pakavu na chini kumejaa maji tele. Kijiti hakigharimu kitu, na ndicho kilichomaliza ukungu wangu, pamoja na kuutoa mrehani pale ukutani uende penye upepo.

Mara mojamoja mwagilieni kwa juu mpaka maji yatiririke chini, chumvi za maji na mbolea zisijikusanye. Gamba jeupe gumu linalosagika ni chumvi hizo, si ukungu. Mwenye pumu asikwangue utando mkavu. Kiuyoga cha njano kikiota na kuna watoto, king'oeni, maana kina sumu kikiliwa. Na unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, ugonjwa wa mmea wenyewe. Huo kijiti cha mshikaki hakiuwezi.