Friji nne, kitabu kimoja cha masharti

Mtu akikushauri kila aina ya bidhaa iwe na faili lake la masharti, yaani orodha ya mambo ambayo bidhaa lazima itimize, mkatalie palepale. Sisi tulimlipa mshauri pesa nzuri atuambie hivyo, na nusura tulikabidhi duka la dawa friji inayogandisha insulini.

Karakana yetu iko Shimanzi, Mombasa. Tunaunda friji ndogo pamoja na kontrola yake, kile kibao kinachosoma kipimajoto na kuamua kompresa iwake au izime. Bati na povu ni yale yale. Wanaotofautiana ni wateja. Nahodha anataka friji ya mashuani, ya betri ya volti 12, igandishe samaki hadi nyuzi −18. Muuza samaki wa Kongowea anatumia umeme wa ukutani, volti 240, na samaki wake wakae karibu na nyuzi 0 bila kuganda. Duka la dawa linataka kati ya nyuzi 2 na 8, na hapo hakuna mzaha: insulini ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Masharti mengi ni ya wote. Kipimajoto kikikatika, kontrola ifanye nini? Mlango ukiachwa wazi, king'ora kilie baada ya muda gani? Mshauri akasema, "Andikeni la kwanza vizuri, mnakili, mbadilishe panapohitajika." Mwanzoni ilikwenda. Kisha kwenye faili la mashua likaondolewa sharti la kukata kompresa joto likikaribia nyuzi 0, na ni haki, maana nahodha anataka barafu. Lakini namba ya sharti ilibaki ile ile, chini yake pakaandikwa maneno mengine. Baadaye king'ora cha mlango kikaboreshwa katika faili hilo hilo, na duka la dawa nalo likakihitaji. Faili la mashua, kwa kuwa ndilo jipya kabisa, likanakiliwa kuwa la duka la dawa. Namba zote zililingana na kila mkaguzi akatia sahihi.

Kabla ya kukabidhi friji yoyote mimi huijaza chupa za maji na kuiacha iwake usiku kucha. Asubuhi nilipofungua, chupa zilikuwa mawe, nyingine zimepasuka. Tulipima waya, tukabadilisha kipimajoto, tukailaumu kompresa. Hakuna kilichokuwa kibovu. Kontrola ilitii faili lake neno kwa neno.

Ushauri wa pili ukaja: nunueni programu kubwa ya kutunza masharti, kama DOORS ya IBM. Ni chombo kizito chenye sifa yake kwa watengenezaji wa magari na ndege, ila bei tuliyotajiwa ingetununulia tuktuk, na humo ndani pia unaweza kunakili ukapotea vile vile. Nilichukua Doorstop, programu ya kazi hiyo hiyo, ya bure. Kila sharti ni faili dogo la maandishi linalokaa ndani ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili, kwa hiyo aliyebadilisha neno anaonekana, na sharti mama likibadilika, yaliyofungwa nalo hutiwa alama yakaguliwe upya.

Dawa yenyewe lakini haikuwa programu. Wengi huandika kando ya kila sharti majina ya bidhaa: mashua, duka. Mimi niliyaweka masharti yote katika kitabu kimoja, na kando ya kila moja nikaandika sifa: betri, ukuta, chumvi, kugandisha, kutoganda. Halafu jedwali moja linasema friji ipi ina sifa zipi. Kueleza bidhaa kwa sifa zake si jambo geni. Kyo Kang na wenzake wa Software Engineering Institute kule Marekani waliliandikia ripoti mwaka 1990. Kitabu kama hiki huitwa cha asilimia 150, kwa kuwa kina masharti mengi kuliko friji yoyote moja inavyohitaji. Namba pia nilizitoa ndani ya sentensi. Sharti linasema joto lisishuke chini ya JOTO_CHINI, na jedwali linajaza.

Programu fupi niliyoiandika kwa lugha ya Python husoma jedwali na kutoa kijitabu cha kila friji. Nafasi ya namba ikiwa tupu, inagoma. Sharti likiwa na sifa isiyo na friji, inagoma. Friji moja ikipewa kugandisha na kutoganda kwa pamoja, inagoma kwa herufi kubwa. Kanuni hiyo niliiandika jioni ya siku ya zile chupa.

Na msitumie matawi ya Git, yaani nakala za pembeni za faili zile zile, kutenganisha mashua na duka. Tawi ni la kazi itakayorudi kwenye shina. Mashua hairudi kuwa duka. Namba ya sharti lililofutwa isipewe sharti jingine kamwe. Halafu IP67, daraja la kinga ya vifaa: mshauri aliona inatosha baharini. Inahusu vumbi na kuzamishwa majini, mita 1 kwa dakika 30, na kutu haimo. Chumvi ina masharti yake, na kipimo chake cha mvuke wa chumvi ni ISO 9227.

Alipokuja kijana wa Mtwapa anayetembeza samaki kwa tuktuk, niliongeza mstari mmoja kwenye jedwali na sifa moja, mtikisiko. Programu ikagoma. Nafasi ya volti ambayo betri ikishukia kontrola huikata ilikuwa tupu: betri yake ni ya lithiamu, ya nahodha ni ya risasi, na namba zake si moja. Kwa mtindo wa kunakili angepewa namba ya risasi, na hakuna ambaye angejua.

Vijitabu tunavichapa kwa Kiswahili na mteja anavisoma kabla hatujakata bati. Nahodha alisoma chake akaniuliza, "Shekhe, king'ora hiki nitakisikiaje na injini inanguruma?" Nikaongeza sifa ya kelele, pamoja na sharti la taa nyekundu inayomulika. Tuktuk nayo ina kelele, nikaitia alama kwenye jedwali, na friji ya yule kijana ikatoka na taa yake.