Siku moja na mimi mtafuta chawa wa ndege

Saa kumi alfajiri niko macho. Chai ya kuunguza ulimi, boda hadi steji, tunafika Ziwa Elementaita bado giza, na nyavu za kunasa ndege lazima zisimame kabla hakujakucha, kukishakuwa na mwanga hawa ndege wa ufukoni wanaziona wanapita kando.

Saa kumi na mbili hivi ananasa chamchanga mdogo, hafiki hata gramu 40 na anatoka kule Siberia, Urusi, karibu na barafu. Pete mguuni, halafu unga wa pareto, dawa ya wadudu, hii yetu ya kina Molo, unamsugua taratibu kwenye manyoya juu ya karatasi nyeupe. Chawa wanaanza kudondoka. Wa kichwani ni wafupi wanene, pale mdomo wa ndege haufiki, wa kwenye bawa ni wembamba warefu, wanajibana katikati ya nyuzi za unyoya hata ndege akijichana hawatoki. Nawaokota na brashi, naweka kwa spiriti, ndege anaenda zake.

Saa tatu akaja mathe mmoja na hasira zake. "Kijana, kumbe nyinyi ndio mnatuletea chawa wa kuku!" Nikamwambia hapana mama, kuku wana chawa wao wenyewe, na hawa chawa hawana hata mabawa, mara nyingi wanapita mwili kwa mwili, mama kwa kifaranga huko kiotani, ukimtoa kwa ndege wake siku chache amekufa. Akafikiria. "Na huyu wa Urusi amekuja na chawa wa Urusi?" Eeh mama, amekuja nao njia yote. "Sasa si ndio nasema!" Tukaanza upya, ndege mwingine anangoja ndani ya mfuko wa kitambaa, mimi naeleza, yeye anaita jirani aje asikie, mwishowe nikampa lenzi aangalie mwenyewe. Akanyamaza, akasema, "Ako na kucha huyu." Kisha akaomba mkebe wote wa pareto.

Mchana sijui ulienda wapi. Jua, vumbi la magadi machoni, mgongo umekataa.

Jioni ni lebo tu, kila chupa na ndege wake, na watu wa nyumbani wanauliza kama nimeoga. Nimeoga! Chawa wa ndege hakai kwa mtu jamani. Wiki ijayo tumeahidiwa ndege mwari aliyekufa, hao wana chawa wanaoishi ndani ya ule mfuko wa mdomo, nasubiri kwa hamu na hakuna mtu hapa anataka nieleze nikiwa mezani.