Kopo chini ya mgunga, Engaruka

Tulitoka Arusha alfajiri, mimi, baba watoto na watoto wetu wawili, wa kwanza miaka 11, mdogo 7. Ilikuwa mwezi wa sita, likizo ya shule, na nilikuwa nimewaahidi hazina. Mto wa Mbu tulisimama kununua ndizi nyekundu, tukaiacha lami. Kutoka hapo hadi Engaruka, penye magofu ya kale, ni kama kilomita 60 za vumbi kupitia Selela. Ukuta wa Bonde la Ufa unakuwa mkono wa kushoto njia nzima, na mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai, unachungulia mbele.

Hazina yenyewe ni jiokeshi. Mtu anaficha kopo mahali, anaweka latitudo na longitudo yake kwenye intaneti, wengine wanalitafuta kwa GPS ya simu. Ukilipata unaandika jina lako kwenye daftari lililomo, ukichukua kitu unaacha kingine, kisha unalirudisha pale pale ulipolikuta. Mchezo huu ulianza tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya Marekani kuacha kupotosha kwa makusudi vipimo vya GPS vya raia. Dave Ulmer alificha ndoo porini huko Oregon, na kati ya vitu alivyotia humo kulikuwa na kopo la maharage. Nilipomsimulia mwanangu hilo, alikwenda jikoni bila kusema neno, akarudi mfuko wa suruali umejaa maharage ya njano.

Engaruka tulilipa kiingilio, tukapewa mwongozaji, mzee wa Kimasai mwenye fimbo ndefu. Watoto walimwinamishia vichwa, naye akawagusa utosini mmoja mmoja. Nilipomweleza tunachotafuta akauliza swali moja tu: "Mtachimba?" Nikamwambia hapana, mchezo huu hauruhusu kufukia kitu, na kopo lenyewe liko nje ya magofu. Hapo akatangulia.

Ukifika mara ya kwanza unaona mawe tu. Mawe yametapakaa hadi chini ya genge, na macho hayajui yaanzie wapi. Ila maelezo ya mchezo yalikuwa yameacha wazi tarakimu moja ya mahali kopo lilipo, uijaze mwenyewe: fuata mfereji wa zamani kuelekea mlimani, uhesabu umegawanyika mara ngapi kabla ya mgunga mkubwa. Basi watoto ikabidi waujue mfereji ni upi. Walitembea wameinamisha vichwa, mmoja kila upande, wakifuata mistari miwili ya mawe yaliyopangwa kwa mkono. Baada ya dakika kumi hivi binti yangu alisimama. "Mama, hizi zote ni bustani!"

Alikuwa ameona. Mistari ilikuwa inakatana, na kila mraba ulikuwa shamba. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 hivi, wakulima wa hapa walimwagilia karibu hekta 2,000 kwa mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, mahali ambapo mvua ya mwaka ni kama milimita 400 tu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mtama ulioungua. Nyumba zao zilikaa juu kwenye mteremko, kwenye majukwaa ya mawe, ili ardhi inayofikiwa na maji isipotee bure. Marundo makubwa ya mawe yaliyo katikati ya mashamba ni yale waliyoyaokota ili wapate kulima. Niliweka mkono juu ya rundo moja lililonifika kifuani, nikafikiria migongo iliyolibeba.

Mzee alichutama penye mgawanyiko, akapitisha kiganja kwenye sakafu ya mfereji. "Maji hayapandi, mnajua," aliwaambia watoto. "Lakini hayatakiwi kukimbia pia. Yakikimbia yanakula udongo." Mwanangu akalala kifudifudi, shavu ardhini, atazame mteremko. Hakuuona. Ni mdogo kiasi hicho, na waliupima bila chombo chochote tunachokijua sisi.

Hesabu tuliikosea. Tulisema mbili, tukaishia kwenye kichaka cha miiba, mita 18 pembeni, tukahangaika karibu saa nzima juani. Binti akarudi peke yake hadi mwanzo wa mfereji, akakuta mgawanyiko mmoja umezibwa na majani makavu. Tatu! Kopo lilikuwa kati ya mizizi ya mgunga, limefunikwa kwa gome: daftari, penseli, gololi nne, bangili ya shanga. Aliandika majina yetu sote, na la mzee pia, baada ya kumwomba ruhusa.

Mdogo wake akatoa maharage. Ilinibidi nimwambie kwamba siku hizi chakula hakiwekwi ndani, wanyama hunusa wakalivunja kopo. Akayarudisha mfukoni, midomo imemwinama.

Tukishuka kijijini tulipita mfereji ulio hai, wa udongo, maji yanakwenda polepole kama mzee alivyosema. Mama mmoja alikuwa kwenye zamu yake. Alivuta bonge la matope na magome ya mgomba kwa jembe, maji yakageuka, yakaingia shambani kwake. Mwanangu alimwamkia, "Shikamoo," akafungua kiganja. Mama yule aliitikia marahaba, akazichagua mbegu moja moja, akatupa mbili zilizotobolewa na wadudu.

"Njoo," akamwambia, akamwonyesha ukingo wa tuta, pale unyevu unapofika bila maji kusimama. "Mbili mbili. Usizizamishe sana."

Alipanda mashimo saba. Sisi tulimngoja kando ya mfereji, viatu mkononi.