Kafuri darasani

Jamani leo ndo tumeanza vitendo vya kozi ya ukandaji wa Kithai huku kwenye hekalu la Wat Pho, Bangkok. Nadharia tulishaipiga, kwamba mwili ni udongo, maji, upepo na moto, halafu kuna njia kuu 10 za nguvu mwilini wanaziita sen, michoro yake iko kwenye mawe ukutani hapohapo hekaluni tangu enzi za mfalme Rama III, miaka ya 1830 huko.

Basi mwalimu akaleta vitu vya kufunga kwenye kitambaa, yale mafurushi ya kukandia. Manjano, mchaichai, plai (ndugu yake tangawizi), chumvi... mara akafungua kafuri.

Weee!

Mimi mtoto wa Tanga, kafuri kwangu ni ya maiti! Mwili ulisisimka. Wenzangu wanaponda huku wanapiga stori, mimi nawaza sanda na udi tu, nikawa naangalia mlango kama kuna jeneza linaingia 😂

Furushi likapashwa kwa mvuke nikakandwa bega, na raha yake sisemi, bega lililegea kabisa ila pua bado inabisha.

Watu wa pwani, nyie mngekubali kukandwa na kafuri mkiwa hai?

Na bibi zenu walikuwa wanakandia nini?